Nimefuta kila kitu, naweza kuuza laptop?

SWALI: Kaka shikamoo, nataka kuuza laptop yangu ya zamani pale mtaani, nimeshafuta picha, mafaili ya kazi na namba za benki, hadi Recycle Bin nimeitoa yote. Nipo salama? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usiiuze kwanza! Ukifuta faili kompyuta haifuti chochote pale pale, inachofanya ni kufuta jina lake kwenye orodha na kusema hii nafasi sasa ipo wazi, faili lenyewe mara nyingi linabaki kwenye diski (sehemu kompyuta inapohifadhia mafaili) mpaka kitu kingine kije kuandikwa juu yake, na hiyo inaweza kuchukua miezi, huku programu za bure za kurudisha mafaili zipo kibao na fundi yeyote anazo. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani walitoa ripoti, walinunua diski 158 zilizotumika, 129 zikawa bado zinafanya kazi, na 12 tu ndo zilikuwa zimesafishwa sawasawa. Kwingine wakakuta namba za kadi za benki na barua za watu, inauma kwa kweli.

Kama unatumia Windows 11 hamisha vitu vyako kwanza, kisha ingia Settings, System, Recovery, bonyeza Reset this PC, chagua Remove everything, halafu kwenye Change settings washa Clean data, hiyo ndo inasafisha diski ili mafaili yasirudishwe kirahisi. Itachukua masaa, iache kwenye chaji. Na pasiwedi za benki na imeili badilisha leo leo ukitumia simu.