Wakikuletea karatasi ya kupunguzwa kazi, usisaini siku hiyohiyo

Juzi kijana mmoja wa Moshi, injinia wa umeme kiwandani, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Kampuni inabadilisha muundo, kesho tunaitwa mmojammoja ofisini. Nifanyeje?" Nilimjibu usiku uleule. Leo nawaandikia na wengine, maana najua hayuko peke yake.

Mimi yalinikuta Njiro, Arusha. Nilikuwa msimamizi wa matengenezo. Boila ikizima saa nane usiku, simu ni yangu. Pampu yake ya maji niliijua kiasi kwamba beringi ikianza kuchoka nilisikia kwa mlio tu, kabla haijaanza kutikisika. Siku hiyo wakatuita kantini. Kila mtu na bahasha yake mezani, na juu ya bahasha kalamu imeshafunguliwa. "Saini hapa uwahi malipo." Mkuu wangu, niliyekula naye meza moja miaka yote ile, hakuniangalia usoni. Linaniuma mpaka leo.

Sikusaini. Nilichukua nakala nikaisome nyumbani. Chini kabisa kulikuwa na mstari kwamba sitadai kitu tena, na hesabu ya kiinua mgongo ilikuwa pungufu. Nikawapelekea hesabu yangu, wakarekebisha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ajadiliane na wafanyakazi au chama chao: nani anaondoka, lini, kwa malipo gani. Kukabidhiwa kalamu si majadiliano. Aliyetimiza mwaka kazini hulipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Notisi, likizo ambayo hukwenda na cheti cha utumishi viko palepale.

Kwa hiyo mdogo wangu, soma kwanza. Usisaini kwa hofu, wala kwa kumwonea mtu haya. Sisi mainjinia tunajiaminisha kwamba kiwanda hakiendi bila sisi. Anayeamua ana orodha ya mishahara mbele yake. Mlio wa beringi haumfikii. Ukiachishwa kinyume cha sheria, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Usizimalize ukingoja mkuu wako akupigie simu.