Ukienda Udzungwa, usitafute simba

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwa hasira: "Dada, ulitusifia Udzungwa. Tumekwenda kikundi kizima, tumeona miti na nyani wa barabarani. Mikumi twiga unamwona hata bila kushuka kwenye gari." Nimeshamjibu pembeni, lakini najua wengi wenu mna hamu ileile ya kumaliza hifadhi zote za nchi hii, kwa hiyo namjibu na hapa.

Kwanza, Udzungwa si hifadhi ya gari. Ni milima yenye msitu, kilomita za mraba 1,990, na ndani unatembea kwa miguu tu, pamoja na mwongozaji, na askari mwenye bunduki pale wanapohofia tembo. Pili, ukitaka kumaliza msitu ule kabla ya chakula cha mchana, utaona miti. Utaona nini kingine?

Mimi msitu huu nina kidonda nao. Miaka iliyopita ofisini tulikuwa tunapanga safari ya mwisho wa mwaka, nikapendekeza Udzungwa. Mwenyekiti wa kamati akaniuliza mbele ya watu wote kama nataka kuwapeleka wakaangalie kuni. Walicheka mpaka dada wa chai naye akacheka. Wakaenda zao Mikumi. Mimi nikashukia Mikumi mjini, nikapanda basi la Ifakara, nikapita Kidatu na mashamba ya miwa mpaka Mang'ula, lilipo lango la hifadhi. Kicheko kile bado kinaniuma, na picha nyingi ninazoweka hapa naziweka nikijua nao wanachungulia. (Kuni zenyewe si mzaha kwa watu wa Mang'ula. Akina mama waliruhusiwa kuingia kuokota zilizokauka mpaka ruhusa ilipofutwa 2011.)

Wengi huomba kwenda maporomoko ya Sanje. Ni mazuri, maji yanashuka mita 170 kwa ngazi ngazi na chini unaweza kuoga. Mimi niliomba kutafuta mangabei wa Sanje, aina ya kima. Mwongozaji akanitazama, akasema, "Utakaa?" Nikasema nitakaa.

Na tulikaa kweli. Tulipanda kilima, tukashuka korongo, kisha akanionyesha gogo nikae na kunyamaza. Muda mrefu hakukuwa na kitu ila jasho. Halafu majani makavu yakaanza kuchakarika upande wa bonde, na mlio mzito ukapita juu ya vichwa vyetu, mwongozaji akainua kidole. Wakaja wakitembea chini, kundi zima, manyoya ya kijivu na kishungi kichwani, wakipekua majani kutafuta mbegu na wadudu. Mama mmoja mwenye mtoto aliyening'inia tumboni alipita karibu sana na gogo letu, akanikagua, akaendelea na kazi yake. Wanasayansi walimfahamu mnyama huyu 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa na jina lake siku nyingi. Yeye na mbega mwekundu wa Iringa huwapati popote duniani nje ya milima hii na misitu ya jirani. Na msitu haujamaliza kutoa siri zake: sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, alitangazwa 2008, juzi tu.

Simba wako nchi nyingi za Afrika, ndugu yangu.

Sasa ushauri. Kaa. Ukifika mahali mwongozaji amesimama, kaa, usimuulize "bado kiasi gani?" Anza safari asubuhi mapema, wakati mbega weusi kwa weupe wananguruma vileleni mwa miti, maana jua likipanda mbega wote hulala na kusaga majani waliyokula. Nenda Juni hadi Oktoba; mvua za masika zinafanya njia iteleze vibaya. Vaa suruali ndefu na uichomeke ndani ya soksi, siafu hawana adabu. Malipo yanafanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo, usitegemee noti mfukoni. Halafu, nimesema? Kaa.

Na tuambizane ukweli. Sisi Watanzania tunalalamika hifadhi ni za Wazungu, tukipewa kiingilio cha shilingi tunaingia na spika, watu ishirini wanaimba njia nzima, na ndizi za kuwarushia nyani. Ndizi hizo ndizo zinazowafundisha kupora mikoba, kisha tunawaita wezi. Msomaji wangu nilimuuliza kama kikundi chao kilikuwa na muziki. Akajibu, "Kidogo tu, dada, wa kutupa hamasa."

Julai nakwenda tena. Nimemwambia aje, nafasi ipo, ila yeye peke yake. Kikundi kibaki Mikumi na wale wenzangu wa ofisini.