Siku 180: nilichojifunza nilipobaguliwa kazini Georgia

Nilikuwa na miaka mitatu katika nyumba ya kulelea wazee huku jimbo la Georgia, Marekani, nafasi ya msimamizi wa zamu ilipotangazwa. Nikaomba. Akapewa dada niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe miezi minne kabla, na mkuu wangu akaniambia bila kupepesa macho kwamba lafudhi yangu ingewachosha ndugu za wagonjwa. Ndugu haohao ndio waliokuwa wakinipigia simu kila siku kuulizia wazee wao.

Nilifanya kama tulivyolelewa: ya ndani yamalizwe ndani. Nikaiandikia barua ofisi ya rasilimali watu. Wakanijibu kwa upole, tunalishughulikia. Ukapita mwezi, ukapita wa pili. Mwezi wa saba tangu niambiwe uamuzi ndipo nikaenda EEOC, tume ya serikali kuu inayopokea malalamiko ya ubaguzi kazini, nikaambiwa siku zangu zimekwisha. Hapa Georgia ni siku 180, na zinaanza kuhesabiwa siku unapoambiwa uamuzi. Mwajiri akiendelea kukujibu au asikujibu, zinakwenda tu. Nililia kwenye gari.

Kwa hiyo barua kwa mwajiri iandike, lakini usiisubiri. Siku ileile fungua daftari: tarehe, saa, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, nani alikuwepo. Kulalamika EEOC hakulipiwi, wala si lazima uwe raia. Sheria inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Lafudhi ni sababu halali pale tu inapokwamisha kazi yenyewe, na akikupunguzia zamu kwa kuwa umelalamika, hilo ni kosa jingine. Kama umebaguliwa kwa rangi au asili yako, muulize wakili kuhusu sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1866, ambayo inakupa mpaka miaka minne kwenda mahakamani. Mimi nilipoisikia nilikuwa nimeshasaini karatasi ya kuacha kazi yenye kifungu cha kutoshitaki. Tafadhali, usisaini kitu usichokielewa, hata wakikuwekea hundi pembeni.

Sasa, kwa nini sisi siku 180 na ndugu zetu wa Minnesota wana 300? Kwa sababu Minnesota ina sheria yake na ofisi yake ya kuisimamia. Georgia haina sheria ya jumla inayomkataza mwajiri binafsi kubagua kwa rangi au taifa. Ngao yetu ni sheria za serikali kuu, hasa Sheria ya Haki za Kiraia ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 2 Julai 1964. Ndiyo maana mwanasiasa akianza kusema Washington isiingilie, mimi husogeza kiti karibu nimsikilize.

Hoja hiyo ni ya zamani. Seneta Barry Goldwater aliipigia sheria ile kura ya hapana. Hakusema kwamba ubaguzi ni mzuri. Alisema Katiba haiipi serikali kuu mamlaka ya kuwaamulia wenye biashara na waajiri. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu, katika kesi ya moteli ya hapahapa Atlanta iliyokuwa ikiwakataa wageni weusi, ikaamua kwamba Bunge lina mamlaka hayo, kwa kuwa ndilo linalosimamia biashara inayovuka mipaka ya majimbo. Rand Paul aliamsha mjadala huo tena mwaka 2010 akigombea useneta Kentucky, kisha akasema angeiunga mkono sheria. Na Aprili 2025 Rais Trump aliagiza idara zake zisizipe kipaumbele kesi za kanuni zinazoonekana sawa kwa wote ilhali zinaumiza kundi moja. Fikiria kanuni ya "Kiingereza tu" kwenye chumba cha mapumziko, uone inamwangukia nani.

Hofu ya Goldwater naielewa. Serikali kubwa inaweza kuonea. Lakini mimi nilionewa na mkuu wa zamu, na jimbo langu halikuwa na mlango wa kubisha. Wagombea wa bunge la Georgia wanapokuja kanisani kwetu kuomba kura, huwauliza moja tu: mtatuletea lini sheria yetu wenyewe?

Jumapili baada ya ibada tunasaidiana kujaza fomu. Njoo na daftari lako, na uje kabla siku hazijakwisha.