Sokwe, Tumbili na Sisi: Majibu kwa Wasomaji

Kama binadamu alitokana na sokwe, mbona sokwe wa Gombe hawajawa watu mpaka leo? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kigoma)

Hatukutokana na hao sokwe wa Gombe. Sisi na wao tuna babu mmoja wa kale, aliyeishi yapata miaka milioni sita au saba iliyopita. Uzao wake uligawanyika, kila upande ukashika njia yake, na sokwe naye amekuwa akibadilika muda wote huo. Ni binamu zetu, si mababu.

Mnyama hufundishwa, au huzaliwa anajua kila kitu? (Mama mlezi, Morogoro)

Yote mawili yapo, mama. Mwaka 1960 mtafiti Jane Goodall alimwona dume wa sokwe aliyemwita David Greybeard ameketi kwenye kichuguu huko Gombe. Alichomeka unyasi tunduni, akasubiri, akauvuta taratibu ukiwa na mchwa walioung'ang'ania, kisha akawala. Sokwe hao pia hupukuta majani ya kijiti ili kipenye tunduni, yaani wanatengeneza zana. Wataalamu wengi wakati huo waliamini kazi hiyo ni ya binadamu peke yake.

Mtoto wa sokwe hazaliwi na ufundi huo. Hukaa kando ya mama yake, akitazama, akijaribu na kushindwa. Watoto wa kike hutazama kwa makini zaidi na huweza mapema, wakati wa kiume wanacheza.

Sasa shuka kusini hadi Mahale, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika lilelile. Huko utakuta sokwe wawili wakisafishana manyoya, kila mmoja ameinua mkono, wameshikana juu ya vichwa vyao. Gombe mtindo huo haupo. Hili hunigusa kuliko hata ule unyasi: jamii moja ya wanyama, ziwa moja, desturi mbili.

Ni kweli tumbili wanaongea? (Msomaji, Kajiado)

Kama sisi, hapana. Lakini hapo kwenu Amboseli wana mlio wa chui, wa tai na wa nyoka. Watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler waliwasikilizisha milio iliyorekodiwa, bila adui yeyote kuwepo. Kwa mlio wa chui walikimbilia mitini, kwa wa tai wakatazama juu, kwa wa nyoka wakachungulia nyasi. Watoto hukosea, wakapiga mlio wa tai kwa ndege asiye na madhara. Kuutumia sawasawa huja na umri.

Nimesikia sokwe wa Gombe walipigana vita. Basi ukatili uko damuni mwetu, ya nini kulaumiana? (Baba wa familia, Dar es Salaam)

Walipigana kweli. Kati ya 1974 na 1978, madume wa kundi la Kasakela waliwavizia wenzao waliojitenga upande wa bonde la Kahama, humohumo Gombe, na kuwashambulia mmoja mmoja, hadi kundi hilo likatoweka. Walikuwa wameishi pamoja hapo awali. Inatisha, na sitaki kuipunguza.

Ila usichague ndugu mmoja tu, mzee wangu. Kusini mwa mto Kongo wanaishi bonobo, jamaa wa karibu wa sokwe, ambao kinasaba wako karibu nasi sawa na sokwe. Kwao majike hushikamana na kumdhibiti dume mkorofi, na vita vya namna ile havijaonekana.

Tena kuna nyani wa Maasai Mara aliowafuatilia mtafiti Robert Sapolsky. Miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja walizoea kwenda kugombania mabaki ya chakula kwenye jalala la hoteli ya watalii. Wakala nyama yenye kifua kikuu, wakafa. Wakabaki madume wapole na majike wengi, na ugomvi ukapungua. Dume wa nyani huhama kwao akibalehe, kwa hiyo miaka kumi baadaye madume wote wa kundi hilo walikuwa wageni, waliotoka kwenye makundi yenye fujo za kawaida. Upole ulikuwa bado upo. Majike waliwapokea wageni hao vizuri, wakawasafisha manyoya mapema kuliko ilivyo kawaida kwingine, nao wakaishi kama walivyowakuta wenyeji wao.