Piki ipi inafaa gitaa la besi?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mpiga besi wa kwaya hapa Morogoro, na kwa miaka miwili nimekuwa nikipiga kwa vidole. Spika za kanisa letu ni ndogo, na sebene inapochangamka besi husikika kama mngurumo tu, noti hazitambulikani. Kiongozi wa bendi amenishauri nitumie piki, kile kibapa kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi. Niliazima ya mpiga solo, nyembamba, imeandikwa 0.46, lakini sauti ilikuwa ya kuchakarika, uzito ukapotea, na mkono ukachoka kabla ya wimbo wa pili. Dukani nimeonyeshwa piki za kila rangi kuanzia 0.50 hadi 1.5, nyingine za pembetatu, na moja nene laini kama kitambaa cha kofia. Ninunue ipi? Na je, ni kweli kwamba mpiga besi anayetumia piki ni mpiga solo aliyeshindwa?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Piki uliyoazima haina kosa. Ilitengenezwa kwa kazi nyingine. Uzi wa gitaa la solo hukazwa kwa nguvu ya kilo 7 hadi 9 hivi, ilhali uzi wa besi ya kawaida, ile ambayo uzi wake unaotetema una urefu wa inchi 34, hukazwa kwa karibu kilo 20, na uzi wa E, ule mnene kuliko yote, peke yake una unene wa milimita 2.6 hivi. Piki ya milimita 0.46 inapokutana na uzi wa namna hiyo, kinachopinda ni piki, si uzi. Unachosikia kwanza ni plastiki ikigonga chuma, halafu piki inajikunja na kuchomoka kabla uzi haujasogezwa vya kutosha kutoa noti nzito. Ndiyo maana umepata mchakariko bila uzito. Mkono nao ulichoka kwa sababu ulikuwa unajaribu kufidia kwa nguvu kile ambacho piki ilishindwa kukifanya kwa ugumu wake.

Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba ununue piki ngumu, yenye unene wa kati ya milimita 1.0 na 1.2, yenye ncha ya mviringo, na ikiwezekana ile kubwa ya pembetatu. Hata hivyo usiitegemee namba iliyoandikwa juu yake kana kwamba ndiyo kipimo cha ugumu, kwa maana namba hiyo hupima unene tu. Piki ya nailoni ya milimita 1.0 hupinda kwa urahisi kuliko ya selulodi, plastiki nyingine, yenye unene uleule, na mtu aliyezoea moja akipewa nyingine atadhani amedanganywa dukani. Vivyo hivyo kuhusu rangi. Katika piki za Tortex zinazotengenezwa na kampuni ya Dunlop, njano ni 0.73, kijani ni 0.88, bluu ni 1.0 na zambarau ni 1.14, lakini huo ni utaratibu wa kampuni hiyo, si sheria ya dunia nzima, na piki ya bluu isiyo na jina inaweza kuwa na unene wowote. Ukiwa dukani, shika piki kama unavyoishika unapopiga, kisha ubonyeze ncha yake kwenye ukingo wa meza kwa nguvu ya kawaida ya mkono wako. Ikipinda ukaiona kwa macho, irudishe. Muuzaji akikukodolea macho, mwache. Ni piki ya shilingi chache, lakini ni wewe utakayeishi nayo.

Kuhusu malighafi sitakuchosha. Plastiki yenye uso mkavu kama chaki, ambayo jina lake la kiwandani ni Delrin, ndiyo ninayoipendelea kwa hali ya hewa yetu, kwa sababu haitelezi sana vidole vinapotoka jasho na huchelewa kulika. Nailoni yenye vijipele vya kushikia nayo ni nzuri, ila chagua nene zaidi kidogo ili kufidia ulaini wake. Selulodi hutoa mlio wenye joto na uhai, lakini hung'aa na kuteleza, na pia huwaka moto kwa urahisi wa kutisha, kwa hiyo usiiweke karibu na mshumaa. Zile zenye madoadoa ya kahawia na njano huiga ng'amba, yaani gamba la kasa ambalo wazee wa pwani walilijua vyema kama bidhaa ya biashara, na ambalo zamani ndilo lililotumika kutengenezea piki za thamani. Kasa huyo leo analindwa, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Akitokea mtu wa kukuuzia ya asili, mwachie mwenyewe.

Umbo ndilo jambo ambalo wapiga besi wengi hulipuuza, na kwangu lina uzito karibu sawa na ugumu. Uzi ukiachiliwa na ncha iliyochongoka hujikunja kona kali pale ulipokuwa umeshikwa, na kona hiyo ndiyo inayozaa zile sauti ndogo za juu zilizojificha ndani ya noti moja, ambazo wataalamu huziita haramoniki. Ncha ikiwa ya mviringo, uzi huachiliwa taratibu juu ya eneo pana zaidi, sauti hizo za juu hupungua, na noti yenyewe ya msingi hubaki imetawala. Kwa besi, ncha ya mviringo hukupa pigo linalosikika bila kukupa makwaruzo. Piki ya kawaida yenye umbo la tone la maji ina ncha moja iliyochongoka na mabega mawili ya mviringo. Kabla hujanunua kitu chochote, azima tena piki ya mwenzako, safari hii iliyo ngumu, uigeuze upigie bega badala ya ncha. Wapiga besi wengi waliofika kwangu wakilalamikia piki walipona kwa kufanya hivyo tu.

Ile ya pembetatu ninaipendekeza kwa sababu ya mkono. Kwenye gitaa la solo, nafasi kati ya uzi na uzi pale darajani, yaani pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa gitaa, ni karibu milimita 10.5, kwenye besi nyingi za nyuzi nne ni milimita 19. Maana yake ni kwamba ukitoka uzi wa E kwenda uzi wa G, ule mwembamba kuliko yote, mkono wako husafiri karibu sentimita 6, na piki ndogo huanza kuzunguka ndani ya vidole katika safari hiyo, hasa kwenye sebene ambako unaruka kutoka noti ya chini kwenda ya juu mara kwa mara. Piki kubwa ina eneo la kutosha la kushikwa na kidole gumba pamoja na vidole viwili. Isitoshe, nyuzi za besi zilizoviringishiwa waya wa duara ni tupa halisi, na hula piki upesi. Pembetatu ina pembe tatu zinazofanana, kwa hiyo moja ikilika unageuza. Ile iliyolika na kuwa na ukingo wenye meno, isugue kwa msasa laini namba 600, umalizie kwa kuisugua kwenye suruali ya jinzi. Nimewaona vijana wakikata piki kutoka kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda. Kadi hizo zina unene wa milimita 0.76 na plastiki yake ni laini, kwa hiyo zinafaa kumjulisha mtu ukubwa na umbo alipendalo, hazifai ibada nzima.

Sasa nirudi kwenye spika za kanisa lenu, maana huko ndiko tatizo lilikoanzia. Uzi wa E ulioachwa wazi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti ya chini namna hiyo. Hutoa mngurumo usio na mwanzo wala mwisho. Lakini noti hiyohiyo ina haramoniki zake za mitetemo 82, 124, 165 na kuendelea, ambazo spika hiyo inaziweza, na sikio likizisikia hukamilisha lenyewe noti ya chini iliyokosekana. Piki huziongeza haramoniki hizo na kuupa kila mdundo mwanzo ulio wazi, kwa hiyo kiongozi wenu hakukosea. Watu wa studio za Nashville nchini Marekani waliligundua jambo hili zamani: walipokuwa wakirekodi besi kubwa ya mbao isiyosikika vizuri kwenye redio ndogo, walimweka mpiga gitaa mwingine mwenye besi ya nyuzi sita, akapiga noti zilezile kwa piki huku amezizima kwa kiganja, na mchanganyiko huo wakauita "tic-tac".

Kuzima huko kwa kiganja ndiko nusu ya kazi, na piki nzuri bila ya hiyo itakukatisha tamaa. Laza ukingo wa kiganja, upande wa kidole kidogo, juu ya nyuzi pale zinapotoka darajani, kwa wepesi, kisha piga. Ukisogea mbele kidogo noti inakuwa fupi kama ngoma. Ukirudi nyuma inapumua. Carol Kaye, mwanamke aliyeanza kama mpiga gitaa na kuhamia besi katika studio za Los Angeles mwaka 1963, alipiga kwa piki ngumu na kuweka kipande cha sufu iliyoshindiliwa juu ya nyuzi karibu na daraja ili zisilie ovyo. Wewe unaweza kukata kipande cha sifongo cha kuoshea vyombo na kukichomeka chini ya nyuzi mahali hapohapo. Kiwe kinene kiasi cha kuzigusa tu, kisizinyanyue.

Angalia pia pembe ya piki na mahali unapopigia. Piki ikilala sambamba na uzi hutoa pigo safi. Ikiinamishwa, ukingo wake hukwaruza ile mizunguko ya waya, na utasikia "krrk" kabla ya kila noti. Pigia kati ya mwisho wa shingo na vinasa sauti, vile visumaku vilivyo chini ya nyuzi, kwa nyimbo za taratibu, usogee kuelekea darajani sebene inapoanza, kwa kuwa kadiri unavyokaribia daraja ndivyo sauti za juu zinavyoongezeka na noti ya msingi inavyopungua. Ncha ipite chini ya uzi kwa milimita 2 au 3 tu. Ukiizamisha sana, uzi utaikamata, na utarudi palepale pa kuchoka.

Ile nene laini uliyoonyeshwa ni ya sufu iliyoshindiliwa, na kwa kawaida hutumika zaidi kwa ukulele. Kwenye besi hutoa sauti inayokaribia ya kidole, laini na ya mviringo, na huacha manyoya kwenye nyuzi. Ni kitu kizuri, lakini kwako kitaongeza mngurumo uleule unaoukimbia.

Kuhusu kuitwa mpiga solo aliyeshindwa, mwambie aliyesema hivyo amsikilize mpiga besi Anthony Jackson katika "For the Love of Money" ya kundi la The O'Jays ya mwaka 1973, ambayo mstari wake maarufu wa besi ulipigwa kwa piki. Paul McCartney wa Beatles alipiga kwa piki, Chris Squire wa bendi ya Yes vilevile. Hata hivyo sikushauri uviache vidole. Wapiga besi wengi wa dansi niliokaa nao hutumia kidole gumba au vidole viwili, na ule mwendo wao wa kuvutavuta noti nyuma ya mdundo ni vigumu kuupata kwa piki. Piga ibada ya kusifu kwa piki na ile ya kuabudu kwa vidole, ukiificha piki kwenye kiganja, kati ya kidole cha kati na cha pete, wakati wa kubadilisha.

Nunua tatu kwa siku moja: pembetatu ya Delrin ya milimita 1.0, nyingine ya 1.14, na ya nailoni ya 1.5. Zipige kila moja kwa wiki nzima pamoja na bendi, si chumbani peke yako, kwa sababu piki inayopendeza chumbani mara nyingi hupotea mpiga ngoma anapoingia. Siku ya kwanza kanisani, punguza volyumu ya besi kidogo kabla ya kuanza, kwani pigo la piki hupanda ghafla kuliko la kidole na linaweza kuivunja sauti ya spika hizo ndogo. Punguza pia sauti za juu kwenye amplifaya hadi mlio wa plastiki upotee, kisha acha kupiga, nenda ukae benchi la nyuma, umwombe mwenzako apige, usikilize.