Mrabaha Hausubiri Faida

Bugembe, Jinja

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata. Unasema kampuni ya kuku wa kukaanga kutoka nje inatafuta mtu wa kufungua tawi hapa Jinja. Mwenye chapa anataka mrabaha wa asilimia 6 na mchango wa matangazo wa asilimia 4, na wewe na mkeo mna akiba inayotosha mkikopa shilingi milioni 60 juu yake. Unauliza kama franchaizi, yaani kufanya biashara kwa jina na mfumo wa mwingine kwa malipo, ni salama kuliko kuanzisha jina lenu wenyewe. Kwa mwenye chapa ni salama sana. Kwako wewe itategemea hesabu, kwa hiyo tuanze nayo.

Mrabaha, yaani malipo ya kutumia chapa, hukatwa kwenye mauzo, kabla hujajua kama mwezi umekuachia kitu. Chukua mfano wa mauzo ya milioni 40 kwa mwezi. Ukitoa VAT ya asilimia 18 iliyomo ndani ya bei, unabaki na milioni 33.9. Chakula na vifungashio vikila asilimia 40, hiyo ni milioni 13.56. Kodi ya nyumba ya dola 1,500, dola ikiwa shilingi 3,700, ni milioni 5.55. Mishahara, pamoja na ile asilimia 10 ambayo mwajiri huchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, weka milioni 6. Umeme, gesi na dizeli ya jenereta, milioni 2.5. Mrabaha na matangazo, milioni 3.39.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hulivuka. Mrabaha unaotoka kwenda nje hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, na anayedaiwa na URA, mamlaka ya mapato, ni wewe unayelipa. Mkataba ukisema mwenye chapa apokee kiasi chake kizima baada ya kodi, hiyo kodi inakuwa mzigo wako: karibu shilingi 360,000 kila mwezi katika mfano huu. Mwulize mhasibu pia kuhusu VAT ya huduma zinazoagizwa kutoka nje, maana nayo humwangukia mpokeaji.

Ukitoa yote hayo, pamoja na ile 360,000, kwenye milioni 33.9, unabaki na takriban milioni 2.54. Sasa punguza mauzo kwa asilimia 10 tu, tuseme barabara ya mbele inachimbwa. Kodi ya nyumba, mishahara na umeme havipungui. Unabaki na karibu 880,000. Mkopo wenu wa milioni 60 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka unataka 900,000 kwa mwezi za riba peke yake, kabla hujagusa deni lenyewe. Mwenye chapa mwezi huohuo amepokea zaidi ya milioni 3 bila kukaanga hata paja moja.

Rudia hesabu hii kwa namba za Jinja, siyo za Kampala ambazo kampuni itakuonyesha. Kaa karibu na jengo mnalotaka kupanga Jumanne na Jumamosi, saa saba mchana na saa moja jioni, uhesabu wanaoingia kwenye maduka ya jirani na wanachobeba wakitoka.

Tukija jikoni, uniwie radhi nikikaa hapo kidogo, maana ndipo matawi mengi hulegea. Chapa ya kuku hutaka ndege wa uzito mmoja, tuseme kilo 1.1 hadi 1.3, anayekatwa vipande 9. Kikaangio cha presha kimewekewa saa na joto kwa uzito huo. Mfugaji wetu wa Mukono au Wakiso huuza kuku mnunuzi akitokea; leo ana kilo 1.2, wiki mbili baadaye wale waliobaki bandani wana 1.8. Ukitia paja la kuku huyo kwenye kikaangio kilekile kwa dakika zilezile, nje linapendeza, ndani karibu na mfupa halijaiva. Nyama inapaswa kufika nyuzi 74 katikati, na hilo hulijui mpaka uchome kipimajoto kwenye sehemu nene bila kugusa mfupa. Kijana wa jikoni akiongeza dakika kwa kukisia, vipande vidogo vinakauka na mafuta yanachoka upesi.

Viazi vina visa vyake. Vya kukaanga vinatakiwa viwe vikavu ndani, na visiwe na sukari nyingi. Ukivihifadhi kwenye baridi kali kama mboga, wanga hugeuka sukari na chipsi zinatoka za kahawia na chungu, hata mafuta yakiwa mapya. Ndiyo maana kampuni kubwa hupenda kuagiza chipsi zilizokwisha kugandishwa. Lakini mnyororo huo hukatika: Januari 2022, KFC ya Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu shehena ya viazi kutoka nje ilichelewa, na wakulima wa Nyandarua wakauliza viazi vyao vina kosa gani. Sisi tuna Kabale na Kisoro. Kwa hiyo katika mkataba tafuta kifungu cha wauzaji wa ndani: je, unaweza kupendekeza mkulima, nani anampima, kwa siku ngapi, na kwa gharama ya nani? Kama kifungu hakipo, utanunua kila kitu kwa bei atakayotaka mwenye chapa, kwa dola, na kusubiri lori kwenye mpaka wa Malaba.

Umeme: uliza kama vikaangio vyao vinahitaji fezi tatu, yaani umeme wa nguvu zaidi kuliko wa nyumba ya kawaida. Jengo likiwa na fezi moja, gharama ya kuvuta nyingine ni yako, na sasa utaongea na UEDCL, shirika la serikali lililopokea mtandao kutoka kampuni ya Umeme mwezi Aprili 2025. Friza ikae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, nayo uiwekee jenereta na kilinda-volti.

Kuhusu sheria, Uganda hatuna sheria mahususi ya franchaizi. Kinachokulinda ni Sheria ya Mikataba ya 2010 na yale uliyoandika mwenyewe kwenye karatasi. Kwingine ni tofauti: Marekani, muuzaji wa franchaizi lazima akupe waraka wa kufichua mambo yake angalau siku 14 kabla ya kusaini, na Afrika Kusini nako waraka hutangulia, kisha mnunuzi ana siku 10 za kazi za kujitoa. Kwa hiyo kama kampuni inatoka huko na inauza franchaizi kwao, waraka huo upo. Uombe. Usome matawi yaliyofungwa ni mangapi na kesi zilizopo mahakamani. Wakikataa kukuonyesha karatasi ambayo kwao ni lazima, hilo nalo ni jibu.

Nenda pia URSB, ofisi ya usajili wa kampuni na chapa, uangalie chapa imesajiliwa Uganda kwa jina la nani. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Jina linaloheshimika London au Dubai linaweza kuwa halina mwenyewe hapa, au likawa na mwenyewe mwingine.

Vipengele vingine nitavipitia haraka. Muda wa franchaizi na wa pango vilingane; miaka 10 ya chapa kwenye pango la miaka 3 ni kumpa mwenye nyumba kisu. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inataka kodi ya nyumba iwe kwa shilingi isipokuwa mmekubaliana vingine, basi usikubali vingine. Eneo lako litajwe kwa mipaka, na mkataba useme wazi kama oda za Glovo, programu ya kuagiza chakula kwa simu, zimo. Mrabaha kwenye oda hizo ukatwe baada ya kamisheni ya programu. Na dhamana ya nyumba: ardhi ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mkeo. Asisaini kwa kukuridhisha.

Nafasi ipo, tena kubwa. Jinja, Mbale, Mbarara, Gulu, Arua, Masaka na Fort Portal zimekuwa majiji tangu Julai 2020, na chapa za Kampala zinazitazama. Hata Carrefour, duka kubwa lililochukua majengo ya Shoprite mwaka 2021, linaendeshwa na kampuni ya Dubai kwa leseni ya jina la Wafaransa. Ila mimi nikiitazama biashara hii, naona uhaba mkubwa uko nyuma ya jiko: mtu wa kuleta kuku 300 kila siku, wote kati ya kilo 1.1 na 1.3, wamechinjwa safi, wamepoozwa, wana karatasi. Huyo halipi mrabaha, na anaweza kuuzia chapa tatu kwa wakati mmoja. Fanya hesabu ya hiyo pia, kwa milioni zilezile, kabla hujamjibu mwenye chapa.

Nitumie kurasa za rasimu zinazohusu eneo, wauzaji na kuvunja mkataba. Nyingine zinaweza kungoja.

Mama yako