Stelingi inanguruma nikikata kona: ninunue raki?

SWALI: Fundi, pole na kazi. Nina Toyota RAV4 ya 1998, otomatiki. Naishi Muheza na karibu kila wiki napanda Amani kikazi. Asubuhi nikiwasha gari na kuzungusha stelingi, inanguruma kama mbwa aliyenyang'anywa mfupa, ila ikishapata moto inapungua. Halafu nikikata kona kali kwa mwendo mdogo, mbele upande wa kulia kunagonga ko-ko-ko. Fundi wa huku amesema raki imekufa, nitafute nyingine ya mtumba. Nishauri kabla sijatoa hela.

JIBU: Asante ndugu yangu, na umefanya la maana kuuliza wakati hela bado iko mfukoni. Kwa maelezo yako gari lina magonjwa mawili tofauti, na raki (mtambo unaogeuza mzunguko wa stelingi kuwa msukumo wa kukata magurudumu) siioni kwenye lolote kati ya hayo. Raki iliyochoka kwa kawaida huvuja oili ndani ya mipira yake ya pembeni, au stelingi inakuwa na mchezo, au inagonga unapopita kwenye vijishimo hata ukiwa umenyoosha tu. Wewe hujataja hata moja.

Tuanze na ngurumo. Gari likiwa limesimama na injini inawaka, mwombe mtu azungushe stelingi taratibu huku akikanyaga mafuta kidogo kidogo. Sauti ikipanda na kushuka pamoja na injini, inatoka kwenye pampu ya pawa stelingi, ile inayosukuma oili ili stelingi iwe nyepesi. Ila usikimbilie kuinunua. Pampu nyingi zinazolia ni nzima, zina njaa tu.

Fungua kikopo cha oili yake utazame. Oili nzuri ni nyekundu na imetulia, kama juisi ya rozela. Ukikuta imepungua, ongeza, kisha tafuta ilikokwenda. Ukikuta povu, na rangi imegeuka kama chai ya maziwa, pampu inavuta hewa. Oili ya baridi ni nzito, pampu inaivuta kwa nguvu, na hewa inapata pa kupenya. Ikipata moto inakuwa nyepesi, kelele inapungua. Ndiyo maana yako inasumbua asubuhi.

Hewa hiyo mara nyingi huingilia kwenye hozi (bomba la mpira) nene inayotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu, na hapa ndipo mafundi wengi tunapopotea. Tunatafuta mahali panapodondosha oili, wakati hozi hiyo haina presha. Inaweza kunyonya hewa siku nzima na chini kusiwe na hata tone. Niliwahi kuletewa gari lililokwisha badilishwa pampu mara mbili. Niliposhika ncha ya hozi, mpira ulikuwa umekakamaa kama kiatu kilichoanikwa juani. Nilikata sentimita mbili, nikaweka klipu mpya, na kelele ikaisha siku hiyo hiyo. Kagua pia oringi (pete ya mpira ya kuziba) ya pale hozi inapoingia kwenye pampu, na kama kikopo chako kina chujio chini, lisiwe limezibwa na uchafu.

Kisha toa hewa. Inua magurudumu yote mawili ya mbele, weka stendi (jeki peke yake usiiamini), na bila kuwasha injini zungusha stelingi kutoka mwisho hadi mwisho kama mara ishirini, huku ukijaza kikopo. Ndipo uwashe, urudie polepole hadi povu liishe. Usiishikilie mwisho wa kona zaidi ya sekunde tano, pampu inaumia. Oili ni ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) ya Dexron II au III. Wa Honda wasiige hapa, yao ina oili yake. Na oili ya breki usiiweke kabisa, inaharibu sili zote, yaani mipira ya kuzuia oili isivuje.

Kama mlio ungekuwa mwembamba, unaokuja stelingi inapofika mwisho tu, ningekwambia kaza mkanda wa pampu au badilisha.

Sasa ko-ko-ko. Hiyo nahisi ni sivi jointi ya nje, kulia: kiungo cha mwisho wa draivshafti (chuma kinachozungusha gurudumu), kinachoiwezesha kuzungusha hata ukikata kona. Kata stelingi yote kushoto, chungulia nyuma ya gurudumu la kulia. Mpira wa draivshafti ukiwa umepasuka, utaona grisi imerushwa hadi ndani ya rimu. Kwa mawe ya njia ya Amani sitashangaa. Nenda uwanjani, ukiwa umekata vile vile, zunguka taratibu huku ukikanyaga mafuta. Ko-ko-ko ikienda mbio kadiri gurudumu linavyoongeza kasi, jointi imekwisha. Kubadilisha mpira peke yake kunasaidia pale tu ulipopasuka karibuni na jointi haijaanza kulia.

Lakini kama inagonga hata gari likiwa limesimama, "tong" moja nzito unapozungusha stelingi, shuku mauntini ya shokapu, kishikizo chake cha juu kwenye bodi. Weka kiganja juu ya springi kwa nje, vidole visiingie katikati, mwenzako azungushe. Utaihisi springi inang'ang'ania, halafu inaruka ghafla.

Kabla hujapanda tena Amani, fanya hili hata kama mengine yatasubiri. Gurudumu likiwa hewani, lishike kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, ni tairodi endi au raki endi, viungo vya vyuma vinavyotoka kwenye raki kwenda kwenye gurudumu. Lishike juu na chini: likicheza, ni boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshikilia gurudumu kwenye mkono wa chini) au beringi. Boljointi ijaribu pia kwa kuingiza mtaimbo chini ya tairi na kulinyanyua kidogo. Ukikuta mchezo wowote, gari lisitoke. Boljointi ikichomoka mlimani, gurudumu linalala na stelingi haikusikii tena. Ukibadilisha tairodi au raki endi, nenda ukafanye alaimenti (kunyoosha magurudumu), la sivyo tairi mpya zitaliwa upande mmoja.

Anza na klipu na hozi. Ukishafungua kikopo asubuhi injini ikiwa ya baridi, nitumie picha ya oili, na nyingine ya nyuma ya gurudumu la kulia.